Vipande Mia Tatu Sitini na Kimoja

Jumamosi Mama alikata kipande cha mwisho cha kitenge. Kwacha, kwacha, ulisema mkasi.

Akakitia kikapuni pamoja na vingine. Vyote vilikuwa miraba midogo, sawasawa na kiganja chake.

"Vipo mia tatu sitini na kimoja," alimwambia Tusekile. "Vyote vitaingia kwenye blanketi lako. Hakuna kitakachobaki."

Kisha wakala ndizi na maharage.

Wiki hiyo Mama akaugua. Hakupona. Mama akafa.

Watu walikuja, wakalia na Tusekile na Baba, wakarudi makwao. Bibi alibaki. Baridi ya Tukuyu ilibaki. Na kikapu kilibaki.

Siku moja Tusekile alimwaga vipande sakafuni. "Baba, tupange blanketi."

Wakapanga viwili viwili.
Kimoja kikabaki. Peke yake.

Wakapanga vitatu vitatu.
Kimoja kikabaki. Peke yake.

Wakapanga vitano vitano.
Kimoja kikabaki. Peke yake.

Wakapanga kumi kumi, safu thelathini na sita, mpaka mlangoni.
Kimoja kikabaki. Peke yake.

Kilikuwa cha bluu, chenye ndege mweupe.

"Kimoja tu, Baba Tusekile," alisema Bibi kutoka kitini. "Mshoneeni paka kofia."

Tusekile hakucheka. "Mama alisema hakuna kitakachobaki. Baba, Mama alikosea?"

Baba alikitazama kile kipande. "Sijui, mwanangu. Tujaribu tena."

Wakarudisha vipande vyote kikapuni. Vyote, isipokuwa cha bluu.

"Hiki kila mara kinakuwa cha mwisho," alisema Tusekile. "Leo kiwe cha kwanza."

Akakiweka chini.

Baba akaongeza vitatu: kimoja juu, kimoja pembeni, kimoja kwenye pembe. Ukawa mraba.

Wakaongeza vitano. Ukawa mraba mkubwa zaidi.

Wakaongeza saba. Wakaongeza tisa. Kila mara, mraba.

Mraba ukakua, ukakua, ukafika kwenye kiti. Bibi akainua miguu.

"Sasa tunahitaji thelathini na saba," alisema Baba. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Tusekile alitoa kimoja kimoja. "Thelathini na tano. Thelathini na sita. Thelathini na saba."

Akapapasa ndani ya kikapu. Kilikuwa kitupu.

Kumi na tisa huku. Kumi na tisa kule.
Hakuna kilichobaki.

Baba alishusha pumzi ndefu. "Mama alihesabu sawasawa," alisema.

"Bibi, paka atakosa kofia," alisema Tusekile.

"Atavumilia," alisema Bibi, miguu bado iko juu.

Usiku huo Tusekile alilala mapema, na Baba akalala pia.

Asubuhi, Baba aliondoa kitambaa kilichofunika cherehani ya Mama. Akatunga uzi. Akashona kipande cha bluu na jirani yake.

Tuku-tuku-tuku.

Mshono ulipinda kidogo. Baba akachukua kingine.