Minyoo ya Babu Gamba

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku aliingia kwenye banda la kobe wa shule. Kazi yake ilikuwa kufagia na kuzoa kinyesi, kusugua beseni la maji, kisha kutia alama ya vema ubaoni. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Kobe walimwita Babu Gamba, na hakuna aliyempenda kumshinda Chiriku.

Mapenzi alikuwa nayo. Ila kufagia hakutaka. Majuma mawili sasa aliongeza maji juu ya maji machafu, anatia vema, huyoo, mbio kuruka kamba! Babu Gamba akaanza kususa chakula. Asubuhi hiyo Chiriku aliona kwenye kinyesi vitu vyeupe kama tambi, vinajinyonganyonga. Akisema, ataulizwa habari za ufagio. Akavifukia mchanga kwa kiatu, akatia vema yake.

Wakati wa mapumziko mpira uliingia bandani. Kifua, mbabe wa darasa, aliufuata, akautimua ule mchanga.

"Jamani! Kobe anazaa nyoka!"

Weee! Mawe yakamiminika. Mwanafunzi mmoja akaleta mpini wa jembe, Kifua akampokonya. Wakampindua Babu Gamba chali, wakamtwanga. Gamba likapasuka ta! Damu ikachuruzika. Chiriku alipenya katikati yao, akajilaza juu ya kobe. Mpini ukampata juu ya jicho. Akamrukia Kifua, akamng'ata mkono, wakabiringishana kwenye kinyesi wakitwangana ngumi, hadi mwalimu wa sayansi alipowakamata kola na kuwatenganisha.

Daktari wa mifugo aliitwa, akachutama bandani na glavu zake.

"Nyoka gani? Hii ni minyoo. Inaishi tumboni mwa kobe. Mayai yake hutoka na kinyesi. Kisipozolewa, kobe huyala tena pamoja na chakula, minyoo ikazidi. Nani anafagia hapa?"

Mwalimu alitazama ubao. "Vema zipo kila siku, daktari. Mkosaji ni Kifua tu. Leo anafukuzwa."

Kifua akaangua kilio. Chiriku aliitazama damu ya Babu Gamba. Kisha maneno yakamtoka yote kwa pamoja.

"Mwalimu, vema zile ni za uongo! Sikufagia. Minyoo niliiona asubuhi, nikaificha. Nisameheni!"

Hakuna aliyefukuzwa. Daktari alimnywesha kobe dawa kwa bomba dogo, akaziba ufa kwa gundi maalumu. Chiriku na Kifua wakapewa banda: kuzoa, kusugua, kunawa mikono kwa sabuni, kila siku, mwalimu akikagua. Siku nane Babu Gamba hakula, na Chiriku alilia siku zote nane.

Siku ya tisa, daktari alipokuja, kobe alinyoosha shingo, akang'ata jani. Kifua akapiga kelele ya furaha. Chiriku akagusa ule ufa.

"Utaisha, daktari?"

"Alama itabaki. Ungesema asubuhi ile, mwanangu, dawa tu ingetosha. Wenzako walirusha mawe, ni kweli, na ni ukatili. Lakini uongo wako ulitangulia kumuumiza. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."

"Ndiyo, daktari," alisema Chiriku, akachukua ufagio.