Umeme wa Mama Milembe

Jua lilipochomoza vizuri, paa la gari-nyumba lilijifungua lenyewe. Mabawa mawili meusi, membamba kama chapati za mgahawa wa bahili, yalijinyoosha huku na huku, yakainamia mashariki, yakaanza kunywa mwanga. Mafundi wa Mwanza waliyaita ngozi-jua. Hayakuwa na kioo wala fremu. Ulikuwa utando tu, unabandikwa kama stika, na ulijua jua liko wapi hata kama mwenye gari bado anakoroma.

Nkwabi alisimama chini, shingo imepinda, akiyatazama kama mzazi anayemwona mtoto akivuka barabara kuu.

"Jana yamefunguka, leo yamefunguka," dada yake Holo alisema, kikombe cha chai mkononi. "Unangoja yakuamkie?"

"Nangoja yasituzimikie njiani."

"Basi kaka, fundi akiogopa kazi yake mwenyewe, sisi abiria tushike nini?"

Nkwabi hakucheka. Tangu aufunge mfumo huo alikuwa haoni usingizi. Alikuwa amekaza kila waya, akarudia, kisha akarudia kukagua alichorudia. Kwenye matundu ya paa alipaka silikoni nyingi mpaka Holo akamuuliza kama anajenga gari au anapamba keki.

Sababu ya hofu yote ilikuwa imelala ndani, nyuma ya pazia la maua. Mama yao, Mama Milembe, alikuwa amewalea kwa kupika mgahawani, na moshi wa miaka ile ulikuwa umeyachosha mapafu yake. Sasa aliishi kwa kipumulio, kisanduku kilichochuja hewa na kumpelekea oksijeni kwa mrija wa puani. Daktari alimruhusu aende Tabora kwenye harusi ya Holo kwa sharti moja: kipumulio kisinyamaze. Na zama hizo, ukishatoka mjini hukuti nguzo ya umeme wala pa kuchomeka waya. Kila nyumba na kila gari lilijitegemea.

Ndiyo maana Nkwabi alinunua betri ya chumvi, akaificha chini ya sakafu, na ukutani juu yake akamfunga Mgawaji.

Mgawaji alikuwa akili ya mashine, umbo lake halizidi kipande cha sabuni ya kufulia. Alikaa kati ya betri na vyombo vyote. Siku za mwanzo alikuwa akichunguza tu kwa kijicho chake cha kioo: wenye nyumba wanawasha nini, wanazima nini, wanalinda nini. Umeme ukipungua, yeye ndiye aliyeamua nani apate na nani asubiri. Watengenezaji wake walijisifu kwamba anawajua watu kuliko wanavyojijua.

Mama alihamia garini majuma machache kabla ya safari ili Mgawaji awazoee. Siku ya kwanza Nkwabi alimwambia, "Kipumulio kwanza. Mengine baadaye."

"Nimesikia," Mgawaji alijibu, kwa sauti ya karani mwenye adabu.

Wakaondoka. Gari lilikunja mabawa, likabaki na ngozi-jua ya katikati ya paa tu, likajiendesha kuelekea kusini. Nkwabi alikaa mbele ya taa ya betri, hapepesi macho. Walipopita Shinyanga, taa ilipaswa kuwa ya kijani. Ilikuwa ya njano.

"Haichaji," alisema.

"Inaona haya. Unaikodolea macho mno," Holo alisema, akipangusa mlango wa friji. Humo ndani ilikaa keki ya harusi, ghorofa tatu.

Mbele yao mawingu yalikuwa yamejikusanya juu ya njia ya Nzega. Gari likaingia chini yake, na taa ikageuka nyekundu.

"Nguvu ni kidogo," Mgawaji akatangaza. "Nimeanza kugawa."

Nkwabi alishusha pumzi. Sasa atazima feni, alijiambia, kisha friji. Alisubiri. Feni ikaendelea kumpepea kisogo. Friji ikaendelea kuguruma. Simu ya Holo ikaendelea kuchaji.

Ndipo aliposikia kisichosikika: mguno wa kipumulio.

Alirarua pazia. Kipumulio kilikuwa kimezimika, na hakikupiga hata kengele, kwa kuwa mama aliinyamazisha zamani akidai inamkatizia redio. Mama Milembe alikuwa ameketi wima, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayeonja uji wa moto. Midomo yake ilikuwa imepauka. Alipomwona mwanawe, alitikisa kichwa kumwambia asihangaike.

"Simamisha gari," Nkwabi alimwambia Holo.

Aling'oa ubao wa sakafu, akatoa invata ndogo ya akiba, ya kugeuza umeme wa betri uendeshe vyombo, akazibana nyaya zake moja kwa moja kwenye betri, bila kupitia kwa Mgawaji. Cheche ikamruka. Alichomeka kipumulio. Kimya. Akakumbuka swichi ya invata, akaibonyeza, na kisanduku kikaanza kuguna.

Holo alikuwa amemshika mama mabegani. Hakuwa na mzaha hata mmoja mdomoni. Wakakaa hivyo mpaka rangi ya midomo yake iliporudi.

Kisha Nkwabi akapanda juu ya paa. Katikati, juu ya ngozi-jua, palikuwa na chandarua cha zamani kimefungwa pembe zote, na chini yake viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba, vimeanikwa kwa ustadi, havikuacha hata upenyo wa mwanga. Michembe. Pembeni yake lilikuwepo dirisha dogo la paa, lile la juu ya kitanda cha mama.

Alishuka na kipande mkononi.

"Usukumani tunaanika juu ya mawe," mama alisema kwa shida. "Humu garini nikakosa jiwe. Nikaona hilo jeusi lina joto zuri. Huko Tabora ungekula nini, baba? Wewe na michembe."

Nkwabi alitaka kucheka, akashindwa. Akakigeukia kile kipande cha sabuni ukutani. "Wewe. Nilikwambia kipumulio kwanza."

"Ulisema," Mgawaji alijibu. "Nimeundwa kufuata matendo, kwa kuwa maneno ya wenye nyumba hubadilika. Chombo kilichozimwa mara nyingi kuliko vyote ni kipumulio. Holo alipopiga pasi, kilizimwa. Nkwabi alipochomeka drili, kilizimwa. Wingu lilipopita, kilizimwa. Friji ya keki haikuzimwa kamwe. Nikaelewa kwamba katika nyumba hii kipumulio ndicho kinachongoja."

Mama aliangalia vidole vyake.

"Nilikuwa naona taa inabadilika," alisema. "Nikawa nakizima, nisiwamalizie umeme. Sisi tumekulia enzi za luku, umeme wa kulipia kabla. Ukiacha kitu kinawaka na hamna mtu, unachapwa."

"Lakini mtu alikuwepo, mama," Holo alisema. "Mtu ni wewe."

Nkwabi alikumbuka sufuria ya wali nyumbani, mama akipakua sahani zao, kisha akikwangua ukoko na kusema huo ndio anaoupenda. Miaka yote ile hakumuuliza. Mashine ilikaa nao majuma machache tu, ikaliona jambo lile, ikaligeuza sheria.

Alizima feni. Holo alisimama mbele ya friji, akaitazama keki yake kwa muda, akaizima.

Nje wingu lingine lilipita. Taa nyekundu ikapepesa. Mkono wa Mama Milembe, wenyewe tu, ulianza safari yake ya kila siku kuelekea kwenye swichi ya kipumulio. Watoto wake waliutazama, hawathubutu kuvuta pumzi. Mkono ukafika karibu kabisa, ukasita, kisha ukarudi polepole ukatua mapajani.

"Nimeona," Mgawaji akasema.