Maksai Mmoja na Magurudumu Mepesi

Upepo wa Ufipa ulikuwa unapenya sweta asubuhi ile. Cornelius alikuwa zizini, nyuma ya nyumba yake ya Malangali, Sumbawanga. Alimtupia Mabaka majani. Mabaka hakula. Maksai yule alisimama upande wa kushoto wa zizi, kama alivyozoea kusimama kwenye nira. Upande wa kulia palikuwa patupu. Mwenzake, Chapakazi, aliuzwa mwezi wa saba.

Cornelius alimwuza Chapakazi ili anunue magurudumu ya baiskeli.

Majirani walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Lakini Cornelius alikuwa na sababu. Binti yake Epifania alikuwa na kipaji cha baiskeli ya mbio. Mwalimu wa timu ya mkoa alimwona, akasema mwezi wa kumi na moja atawapima wasichana kwenye barabara ya Namanyere. Atakayefanya vizuri ataingia kambini. Epifania alikuwa amemaliza shule na hana kazi. Hakukuwa na mlango mwingine uliokuwa wazi kwake.

Magurudumu yale Cornelius aliyanunua Tunduma. Aliyachagua peke yake. Alilinyanyua moja kwa kidole. Lilikuwa jepesi kama ungo. Kilima kinataka kitu chepesi, aliwaza. Mwenye duka akamwambia, "Haya ndiyo ya mabingwa, mzee." Cornelius hakuuliza neno la pili.

Epifania alikunywa uji wa ulezi akiwa amesimama, akavaa kofia ngumu.

"Wahi kurudi," alisema mama yake, Anjela. "Kuna maharage ya kupepeta."

"Nageuzia kilima cha pili, mama."

Alirudi jua likiwa limepanda. Alikuja kwa miguu, baiskeli iko begani.

"Spoku tena, baba," alisema.

Spoku ni zile njiti za chuma zinazounganisha katikati ya gurudumu na ringi, yaani lile duara la nje linaloshika tairi. Hiyo ilikuwa spoku ya tatu kukatika.

Anjela hakuinua macho kwenye ungo wake. "Huyo ni Chapakazi anakatika," alisema. "Leo umekatika mguu wake upi?"

Epifania aliingia ndani. Cornelius alibaki ameshika gurudumu, akilizungusha. Lilikuwa linayumba kama mlevi. Mvua zilikuwa karibu, na maksai mmoja halimi.

Jioni alimwita jirani yake Flavian. Flavian alikuwa fundi wa baiskeli za mizigo, zile zinazobeba magunia ya mahindi na mkaa. Kazi yake ilikuwa nzuri kwa baiskeli hizo. Hakuna aliyewahi kumlalamikia.

"Baba Epi, hili limelegea tu," Flavian alisema. "Tulifunze adabu."

Akaweka spoku nyingine, akazikaza zote kwa nguvu zake. Kila mahali spoku zilipopishana, akazifunga waya. Kisha akajaza tairi upepo. Pale mtaani watu hawapimi upepo kwa kipimo. Wanagonga tairi kwa ukucha. Likiita, limejaa.

Flavian akagonga. "Sikia hiyo!"

"Ongeza kidogo," Cornelius alisema.

"Baba Epi, hapo unabeba gunia mbili na mama mkwe juu!"

"Wewe ongeza."

Usiku ule Cornelius alilala vizuri, mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Kesho yake mtu wa bodaboda alimleta Epifania nyumbani. Uso wake ulikuwa na vumbi na damu. Mkono wa kushoto aliushika kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Alikuwa anateremka kilima. Akapita kwenye kiraka cha lami, si shimo hata, kiraka tu. Ringi ikapasuka. Hospitali walisema mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua, umevunjika, na kwamba hatashika usukani mpaka mfupa uunge.

Mwalimu wa timu alipiga simu, akatoa pole. Aliwapima wasichana wengine siku ile ile aliyopanga. Hakusema kama atapima tena.

Anjela hakutania tena, na hilo lilimuumiza Cornelius kuliko utani. Alikuwa akiamka, anakwenda zizini, anamtazama Mabaka aliyesimama upande wake wa kushoto. Aliona amemaliza kila kitu kwa mkono wake mwenyewe: ng'ombe, shamba, na mfupa wa mwanawe.

Siku moja alilichukua gurudumu lililopasuka aende kuliuza kama chuma chakavu. Epifania alimfuata, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Naja nawe, baba."

Mjini Sumbawanga waliingia duka la spea la Mwanaheri, ambaye wateja walimwita Mama Kheri. Familia yake ilikuwa na malori na duka, na yeye ndiye aliyekuwa akisuka magurudumu ya wachuuzi wa samaki wanaopanda na baiskeli kutoka Muze, kule bondeni Rukwa.

"Shikamoo, mama," Epifania alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pole na mkono." Mwanaheri akalichukua gurudumu, akalitazama, akasonya. "Nani kalifunga waya hili? Alikuwa anafunga mbuzi?"

"Fundi wetu," Cornelius alisema. "Usimlaumu. Mimi ndiye niliyelinunua, na mimi niliyesema aongeze upepo. Nipe chochote, niondoke."

"Sinunui. Hili hata kuanikia nguo halifai. Lakini kaa, nikuonyeshe, usije ukarudia."

Alimwonyesha matundu ya spoku. Kila tundu lilikuwa na ufa mdogo.

"Hesabu spoku."

Cornelius akahesabu. "Kumi na sita."

"Hilo ni gurudumu la siku ya mashindano, kwenye lami laini. Binti yako anafanya mazoezi kila siku, kwenye viraka. Spoku zikiwa chache, kila moja inabeba mzigo mkubwa. Ikikatika moja, jirani zake wanabeba wa kwake, nao wanachoka. Fundi wako akazikaza mno, zikavuta ringi mpaka ikapasuka. Na tairi jembamba lililojazwa kama jiwe halinywi mshtuko. Mshtuko wote unakwenda kwenye ringi."

"Lakini vilima, Mama Kheri. Si vinataka wepesi?"

"Vilima vya huku ni vya wastani. Gurudumu imara linalizidi hili kwa uzito kama wa chupa ya maji. Chupa ya maji itamchelewesha kidogo. Hili limemchelewesha kiasi gani?"

Cornelius aliutazama mkono wa binti yake.

Mwanaheri alishusha gurudumu lingine kutoka ukutani. Ringi yake ilikuwa ya alumini, ya kawaida, haing'ai sana. "La nyuma ndilo linalobeba mwili, kwa hiyo liwe na spoku thelathini na mbili. Ziwe za aina inayopatikana hapa mjini, ili ikikatika moja msiende kuitafuta Tunduma. Habu hii ya katikati inafunguka, unaisafisha, unaitia grisi. Na tairi liwe pana kadiri fremu inavyoruhusu."

"Na upepo?" Epifania aliuliza.

"Achaneni na ukucha. Tumia pampu yenye mshale wa kupimia upepo. Namba iliyo ubavuni mwa tairi ni mwisho wake, usiifikie. Na kila wiki fanya hivi." Akazibana spoku mbili mbili kwa vidole, akizunguka gurudumu lote. "Zote ziwe na ugumu unaokaribiana. Ukikuta moja imelegea, usiendeshe, lete. Zungusha, tazama kama linayumba kwenye breki. Kisha tazama matundu, kama kuna ufa. Baada ya safari za mwanzo lilete nilikaze upya, maana jipya hulegea."

Cornelius alimgeukia binti yake. "Bado unataka kuendesha?"

"Nataka."

"Hata kama mwalimu hatarudi?"

Epifania alitazama chini. "Baba, nikiacha, Chapakazi atakuwa ameuzwa bure."

Walilipa kwa gunia la maharage, yale yale aliyoyapepeta Anjela. Alipoambiwa, Anjela alikwenda mwenyewe kuushona mdomo wa gunia.

Mvua zilianza. Cornelius hakuwa na jozi ya kulimia, akarudia kazi ya bibi zake. Alikata nyasi, akazifukia chini ya udongo, akainua tuta la duara, kisha jingine. Yeye na Anjela waliinua ntumba hizo kwa jembe la mkono mpaka migongo ikawaka moto. Hawakufika hata nusu ya shamba. Mwaka huo chakula kingekuwa kidogo, na wote wawili walijua.

Mfupa uliunga. Epifania alianza polepole, kisha vilima viwili, kisha zaidi. Kila Jumapili baada ya kanisa Cornelius alikaa barazani akibana spoku mbili mbili. Flavian alikuja kutazama, akajifunza, akanunua pampu yenye mshale. Mvua zikaendelea, viraka vikawa mashimo, na hakuna spoku iliyokatika. Mwalimu wa timu hakupiga simu.

Asubuhi moja Cornelius alikuwa shambani, kando ya barabara. Alisikia tairi juu ya lami iliyolowa. Akasimama, jembe mkononi. Mwili wake ulikuwa bado unasubiri ule mlio wa chuma kukatika. Epifania alipita akipanda, ameinama, hakutazama pembeni. Gurudumu lilizunguka bila kuyumba. Akapotea juu ya kilima.

"Amepita?" Anjela aliuliza kutoka nyuma ya matuta, bila kuinuka.

"Amepita."

"Kwa miguu?"

"Kwa baiskeli."

Anjela akavuta udongo wa tuta lililofuata. Cornelius akainama, akaendelea kulima.