Shairi la Mzee wa Bomba

Kila asubuhi kabla ya shule, Nabintu alimfunga mdogo wake Patient mgongoni, akashika jerikeni la manjano na kwenda bombani. Siku ya watoto wengi wa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ilianza hivyo. Maji yalivutwa kutoka ziwani na kutiwa dawa ya kuua vijidudu. Dawa ilipokosekana maji yalikuja vilevile, ila ilibidi yachemshwe.

Aliyejua siku hizo ni Mzee Modeste, mlinzi wa bomba, mkimbizi kutoka Kivu ya Kusini, Kongo. Alipanda juu ya jiwe na koti lake lililochakaa, akapaza sauti: "Batu bote, mayi ya leo haina dawa. Muichemushe mbele ya kunywa." Watu walimsikia, wakayachemsha maji kabla ya kunywa.

Nabintu pia alitoka Kivu, na kwao walisema vivyo hivyo. Lakini kila Jumamosi alihudhuria darasa la Kiswahili la Mwalimu Nestor kanisani. Mwalimu aliwafundisha ngeli kwa mashairi mafupi ya kuchekesha, na hakuna aliyemfikia Nabintu kwa kutunga. Alikuwa amechaguliwa kwenda mjini Mbarara Jumamosi moja, kughani kwenye shule ya watoto wa wanajeshi. Sifa zilimpanda kichwani. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni, akaghani:

Modeste na ngeli zake, kazitia mfukoni,
Mfuko wa koti lake, ukatoboka njiani,
Sasa kila neno lake, linaanguka majini,
Enyi batu, mumcheke, mayi iko mutungini!

Foleni nzima iliangua kicheko. Hadi jioni, watoto walikuwa wakiliimba shairi hilo njia nzima ya kwenda kijiji cha Rwekubo. Mzee Modeste alilisikia lote akiwa palepale juu ya jiwe, mkono mfukoni. Alishuka taratibu.

Tangu siku ile hakutangaza tena. Dawa ilipokosekana alifunga kitambaa chekundu kwenye bomba, na watu wakadhani mzee ameanika leso yake. Nabintu hakujua maana ya kitambaa, lakini alijua vizuri kwa nini mzee amenyamaza. Aliona aibu, akanyamaza naye.

Wiki ya pili Patient alianza kuhara na kutapika. Macho yalizama, midomo ikakauka, na kituo cha afya kikawapeleka hospitali ya Mbarara. Daktari alisema ni maji machafu. Nabintu aliketi sakafuni kando ya kitanda, akitazama dripu ikidondoka huku mama akisali kwa sauti ya chini. Jumamosi ya kughani ilipita akiwa hapohapo wodini. Hakutaka kusikia shairi lolote.

Patient alipona. Lakini Nabintu alipomfunga tena mgongoni, alikuwa mwepesi mno, na moyo ulimuuma.

Waliporudi walikuta watoto wengine watano wameugua. Kamati ya maji iliitisha mkutano, na mwenyekiti, Mama Kampire, akasema Modeste amekuwa mvivu, aondolewe bombani. Mzee alisimama ameinamisha kichwa, hakujitetea. Nabintu alisimama.

"Mzee hana kosa," alisema. "Shairi lile nililitunga mimi. Nilimcheka maneno yake, ndiyo maana akanyamaza. Nilijua kwa nini amenyamaza, sikusema."

Mama yake alifunika uso kwa kitenge. Hatimaye Modeste alizungumza. "Nilifunga kitambaa, mwanangu, sababu kitambaa batu habawezi kukicheka. Lakini na mie nilikosa. Ningewaambia batu maana yake."

Kamati ilikubali mzee abaki. Baada ya mkutano Mwalimu Nestor alimwita Nabintu pembeni. Hakumgombeza, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Mzaha mzaha hutumbua usaha," alimwambia. "Ngeli nilikufundisha ili ueleweke, Nabintu, si ili umnyamazishe mtu. Mzee yule alieleweka na kila mtu pale bombani. Aliyekuwa na kosa la lugha ni nani, yeye au wewe?"



Kesho yake kitambaa chekundu kilikuwa kwenye bomba. Mzee Modeste alipanda juu ya jiwe, akafungua kinywa, lakini sauti haikutoka. Aliwatazama watoto kwenye foleni kama mtu anayengoja kupigwa. Nabintu aliweka jerikeni chini, akaenda kusimama kando yake.

"Batu bote," akasema kwa nguvu, "mayi ya leo haina dawa."

Mzee akamalizia mwenyewe: "Muichemushe mbele ya kunywa."

Hakuna aliyecheka. Nabintu alijaza jerikeni lake, akalibeba kwenda nyumbani kuyachemsha maji, na Patient mgongoni bado alikuwa mwepesi.