Midundo Iliyokatwa

Kila siku baada ya masomo, wasichana wawili walivua viatu mlangoni mwa stoo ya shangazi yao. Mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, aliitwa Fundi, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuona redio akaiacha bila kuifungua. Mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili na aliitwa Chiriku. Sababu ya jina hilo uliijua mara tu alipofumbua mdomo. Baba zao walikuwa ndugu, na Shangazi, dada yao, alipiga muziki kwenye sherehe za watu.

Stoo ilijaa spika hadi darini. Kwanza walifuta vumbi na kukunja nyaya, kisha kila mmoja akashika lake. Chiriku alisimama kwenye meza ya dijei, hedifoni imefunika sikio moja, akijifunza kuunganisha wimbo na wimbo bila watu kuacha kucheza. Fundi aliketi kwenye kompyuta akitengeneza nyimbo zenyewe. Alirekodi fagio likifagia, mfuniko wa sufuria, mlango wenye bawaba kavu, akavikatakata vyote vikawa muziki. Pigo moja angeweza kulirudia mara arobaini mpaka likae.

Shida ilikuwa watu. Siku ya sherehe ya maktaba, Chiriku aliupiga wimbo wa fagio, na watu wakacheza mpaka ndala zikakatika. Tangu hapo, kila walipopita mtaani ilikuwa ni kelele: "Dijei wetu huyo!" Mama muuza matunda alimkatia Chiriku kipande cha papai, kisha akamtazama Fundi kwa huruma.

"Na wewe, mwanangu? Wewe ndiye unayembebea nyaya?"

Roho ilimuuma Fundi, tena ilimuuma kwelikweli. Wimbo autoe yeye, makofi apigiwe mwingine! Chiriku alipomgawia nusu ya lile papai, Fundi alisema ameshiba. Hakuwa ameshiba hata kidogo.

Alhamisi, Shangazi aliwaita wote wawili.

"Likizo ndefu inaanza katikati ya wiki ijayo," alisema. "Kila Jumamosi nitakuwa na sherehe, na ninahitaji msaidizi mmoja tu mezani. Mwingine nitampeleka kwa rafiki yangu mwenye studio, akajifunze kutengeneza muziki barabara. Chagueni. Mkitaka wote kitu kimoja, nitaamua mimi kwa kazi nitakayoiona kwenye sherehe ya shule Jumamosi hii."

"Mimi meza! Hata usiulize, Shangazi!" Chiriku aliruka. "Na Dada studio. Si ndiyo, Dada?"

"Bado nafikiria," Fundi alijibu, akijifanya anatafuta kitu mfukoni. Uongo mtupu. Alikuwa ameshaamua. Alitaka meza, alitaka yale macho ya watu yamgeukie yeye. Studio aliipenda, lakini nani atamwita mtaani kwa sababu ya kukaa studio?

Kwa ajili ya sherehe ya shule, Fundi alikuwa ametunga wimbo mpya, na ulikuwa mtamu kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Mwanzoni, kama kawaida, aliweka midundo mitupu, bila kinanda wala sauti ya mtu, kwa hesabu ya nane mara nne. Hapo ndipo dijei hupata nafasi ya kuuingiza wimbo mpya taratibu wakati ule wa zamani ukiishia. Bila midundo ile, nyimbo mbili hugongana zikiwa zote zimefungua mdomo.

Ijumaa, akiwa peke yake stoo, Fundi aliitazama ile midundo kwenye kompyuta. Kijicho kikamnong'oneza: Chiriku akikosea mbele ya watu, Shangazi ataona kwamba si hodari kihivyo. Kidole kikabonyeza. Midundo ikaondoka. Akauhifadhi wimbo kwenye fleshi.

Jumamosi mchana, uwanja wa shule ulifurika wanafunzi na wazazi. Fundi alichelewesha ile fleshi makusudi mpaka nyimbo tatu zikapita.

"Dada, umeniwekea midundo mwanzoni?" Chiriku aliuliza kwa haraka huku watu wakishangilia.

"Nimekuwekea."

Chiriku hakuweka hata hedifoni sikioni. Akasema "Haya!", akaanza kuhesabu, akaubonyeza.

Lo! Ilikuwa kama rafu ya vyombo imeanguka. Waimbaji wawili waliimba mambo tofauti kwa wakati mmoja, huku kinanda kikipiga kelele juu yao. Wachezaji walisimama, mguu mmoja bado hewani. Chiriku akavuta kitufe hiki, akasukuma kile, mambo yakazidi kwenda mrama. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Kwa muda mfupi Fundi aliona utamu. Naam, muda mfupi tu. Mvulana mmoja mbele yake alimgeukia mwenzake akasema, "Wimbo gani huu mbovu! Nani kautunga?"

Fundi alitaka kupiga kelele kwamba wimbo si mbovu, kwamba ameutunga kwa wiki tatu. Lakini ni yeye aliyeukata. Angesemaje?

Shangazi alikuja akaokoa jahazi. Nyuma ya spika, Chiriku alikuwa amechutama akilia.

"Kosa langu, Shangazi," alisema kwa kwikwi. "Dada aliweka midundo, mimi ndiye nimeshindwa kuisikia. Mpe yeye meza. Mimi siishiki tena."

Meza hiyo! Fundi aliitaka kwa siku nyingi, na sasa imeletwa mpaka mkononi. Alijaribu kufurahi, akashindwa. Alimtazama mdogo wake akijipangusa kamasi kwa mkono wa sare, akimtetea mtu aliyemwangusha, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Haikuwepo," alisema.

"Nini hakikuwepo?" Shangazi aliuliza.

"Midundo. Niliikata jana. Nilitaka... nilimwonea wivu."

Chiriku aliacha kulia palepale. "Makusudi? Watu wazima wamenicheka, Dada! Hata mama yangu yupo pale!"

"Nisamehe."

"Sikusamehi hapa nyuma ya spika! Nimechekwa mbele ya shule nzima. Nenda ukaseme mbele ya shule nzima!"

Shangazi hakumgombeza Fundi wala hakumtetea. "Umemsikia mwenye haki," alisema tu. Kisha akamgeukia Chiriku. "Na wewe, dijei gani anapiga wimbo asiousikiliza kwanza? Hedifoni ni pambo?"

Jumapili asubuhi Fundi aliketi stoo kuirudisha midundo. Alipoirudisha akaona pigo la tatu linaweza kunona zaidi, akalinonesha. Shangazi alipomwita kula, chai ilikuwa imeshapoa mara mbili, na Fundi akashtuka kwamba tangu asubuhi hakuwa amemfikiria mtu yeyote wala makofi yake.

Jumatatu, mstarini, mwalimu wa zamu alimpa kipaza sauti. Macho mia sita yalimgeukia. Ndiyo yale yale aliyoyatamani, na sasa yalimchoma kama upupu.

"Jumamosi mdogo wangu hakukosea," alisema. "Mimi niliuharibu wimbo makusudi, kwa sababu ya wivu. Alichekwa kwa kosa langu."

Minong'ono ikatanda. Mtu mmoja akazomea, na Fundi akavumilia. Chiriku alikwenda kwenye meza ya dijei, ambayo Shangazi alikuwa ameipanga pembeni, akapiga wimbo wa zamani, na safari hii akaweka hedifoni sikioni, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Midundo mitupu ikaingia polepole chini ya wimbo huo, ikabaki peke yake, kisha kinanda kikafunguka. Mistari ikavunjika. Hata mwalimu wa zamu alisahau fimbo yake ya kuelekezea akaanza kuyumba mabega.

"Nimekusamehe," Chiriku alimwambia sikioni. "Lakini papai utanunua wewe mwezi mzima."

Jioni ile stooni Shangazi aliuliza swali lake. "Haya. Meza au studio?"

"Studio," Fundi alijibu.

"Kwa sababu umeogopa kutazamwa?"

"Hapana, Shangazi. Kwa sababu jana nilisahau hata chai."

Shangazi alimvuta karibu. "Basi nisikilize, mwanangu. Wivu humjia kila mtu, hata mimi hunijia nikisikia jirani kaitwa kwenye sherehe niliyoitaka. Kosa ni kuuachia wivu mkono wako. Ulidhani unamkata mdogo wako, kumbe ulikuwa unakata wimbo wako mwenyewe. Na usichague kazi kwa kutazama mwenzio anapigiwa makofi mangapi. Makofi yakiisha, utabaki na kazi, na kama huipendi, utabaki na nini?"

Fundi alivuta kiti kwenye kompyuta, akaufungua tena ule wimbo wake.