Kumbukumbu Iliyotumika

Duka alilichagua kwa sababu ya Kiswahili chake. Hilo ndilo kosa lake, na mwenye kutaka kumcheka amcheke sasa hivi, maana huko mbele hapachekeki.

Kazini walimwita Bi Nukta. Alikuwa msomaji wa prufu, yule mtu anayesoma kitabu kabla hakijachapwa na kuwinda makosa yake. Hakujua kupumzika. Alisahihisha hata kibao cha kinyozi wa jirani, akanuniwa mwezi mzima. Alimpa binti yake wa miaka sita jina la utani la Mkato, ile alama ndogo ya kuvuta pumzi katikati ya sentensi. Baba wa mtoto alikwenda mbali kutafuta kazi, akapata kazi na mke hukohuko. Basi wakabaki wawili, mama na mwana, chumba na sebule, na kompyuta kuukuu iliyowalisha.

Kompyuta yenyewe ikaanza visa. Ukifungua kitabu cha kurasa mia tatu, inaganda. Unakunywa chai, unaosha kikombe, bado inafikiri. Mdogo wake wa kiume, fundi wa kompyuta, aliikagua akatikisa kichwa.

"RAM ndogo, dada. Ongeza, itaruka hii. Lakini ukinunua mtandaoni, soma kwanza wanunuzi wengine wamesema nini, na uhakikishe wanakubali kurudishiwa mzigo. Usiokote tu."

"Mimi nitaokota? Mimi?"

"Wewe. Nakujua."

Jioni hiyo, jua likizama, Bi Nukta akakaa kwenye ngazi ya mlangoni na simu yake. Mkato alikuwa akichora chini kwa chaki. Duka la kwanza lilijaa sifa za wanunuzi hadi basi, lakini liliandika, "Nunua yako RAM sasa kwa haraka kompyuta." Akasonya. La pili likaandika, "Bidhaa zetu wanafanya kazi vizuri." Hilo alilifunga kabisa.

"Bidhaa wanafanya! Hata aibu hawana."

La tatu... lilijitokeza lenyewe. Ukurasa mweupe, hakuna picha, hakuna maoni ya mnunuzi hata mmoja. Hata neno RAM halikuwapo. Waliandika "kumbukumbu", kama kamusi inavyotaka. Kila ngeli mahali pake, kila nukta mahali pake. Bi Nukta akausoma mara mbili kwa raha tu. Watu wanaoandika hivi, alijiambia, hawawezi kuwa matapeli.

Akaandika kwamba anahitaji kumbukumbu. Jibu likaja kabla hajaondoa kidole.

"Karibu, dada. Mpya, au iliyotumika?"

"Iliyotumika haina neno, ilimradi nzima."

"Ni nzima. Imetumika miaka saba, na mtu mmoja tu. Inamlemea, ameona bora aiache. Yako ina miaka mingapi?"

Kompyuta aliinunua kabla hata ya mimba ya Mkato. "Saba pia," akaandika.

"Basi mbadilishane. Hutatoa hata senti. Je, unaridhia kutoa kumbukumbu yako yote ya miaka saba?"

Hapo Bi Nukta akatabasamu. Hatimaye! Ndani ya kompyuta mna vipande viwili, na vikiwa viwili inakuwa "zako zote", si "yako yote". Akawaeleza kwa adabu kwamba wamekosea.

"Si kosa, dada."

Akacheka peke yake. Akabonyeza pale palipoandikwa Naridhia.

Mkato akainua kichwa. "Mama, nani huyo?"

"Nani yupi?"

"Aliyesema asante."

Barabara ilikuwa tupu.

Mzigo ulifika kesho yake, jioni vilevile. Aliyeuleta alikuwa mwanamume mrefu mwenye kofia ya pikipiki ambayo hakuivua, ingawa hakuna aliyesikia pikipiki. Bahasha ilikuwa baridi. Ilinuka dawa ya wodini, na nyuma ya dawa, udongo uliochimbwa sasa hivi...

"Hivi vipande havina hata chapa," akanung'unika ndugu yake fundi, aliyekuja kuvifunga. Lakini alivipachika, akawasha, na kitabu cha kurasa mia tatu kikafunguka papo hapo. Wakapigiana makofi ya furaha kama watoto. Vile vya zamani wakavitia kwenye bahasha ya kurudishia, kama walivyoagizwa.

Yule mtu alikuwa bado mlangoni. Kiti alikataa, maji alikataa. Aliipokea bahasha kwa mikono miwili, akailaza kifuani kama mtu aliyebeba kichanga.

"Taratibu, mama," alinong'ona. Hakuwa akisema nao.

Asubuhi Bi Nukta aliamka analia.

Hakujua analilia nini. Puani alikuwa na harufu ileile ya wodi. Na mahali fulani mtoto alikuwa akikohoa. Kikohozi kikavu, kifupi. Kimya. Kisha tena... Akakimbilia kitanda cha Mkato. Mkato amelala zake, kinywa wazi, hakohoi.

Kikohozi kikaendelea.

Kilikuwa ndani ya kichwa chake mwenyewe.

Alipomvalisha mtoto sare, akasimama na soksi mkononi. "Unasoma shule gani vile?" Mkato akacheka sana, akidhani ni utani. Bi Nukta naye akacheka, ili mtoto asiogope. Walipotoka, mtoto ndiye aliyeongoza njia.

Adhuhuri alisimama mbele ya picha iliyokuwa ukutani sebuleni. Mwanamke amebeba mtoto mchanga, anacheka hadi ufizi. Mwanamke alikuwa yeye. Mtoto wa nani?

Ndipo akaelewa. Bi Nukta hakuwa mjinga, na maneno ndiyo yaliyomlisha. Kumbukumbu yako yote ya miaka saba. Yote! Walimwambia waziwazi, kwa lugha safi, naye akakaa kuwafundisha ngeli. Akakaa palepale sakafuni.

Akavuta karatasi, akaandika haraka kabla hayajamtoka, "Mkato ni mwanangu. Nilimzaa mimi." Akaisoma. Akairudia. Ilikuwa sentensi nzuri, haina kosa hata moja. Na haikumgusa popote.

Ndugu yake alikuja mbio. Akafungua kompyuta, akavichomoa vile vipande, akavigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Vilikuwa vibao vya kijani vitupu. Hakuna kilichobandikwa juu yake, hata tone la risasi ya kulehemu. Vilikuwa mkononi mwake, na kompyuta ilikuwa bado inawaka, inafanya kazi kwa kasi ileile.

"Dada," akanong'ona. "Hii haiwezekani."

Akawaandikia wale watu. Akawaandikia kwamba wanarudisha mzigo, kwamba wanataka chao. Jibu likaja papo hapo.

"Iliyokwisha kuingia haitoki, ndugu."

Kisha ukurasa ukatoweka. Akatafuta hadi betri ya simu ikaisha. Duka kama hilo halikuwapo.

Siku ya tatu Bi Nukta alikuwa amekwisha kujua mengi ambayo hakuyaishi. Alijua njia ndefu ya kwenda hospitali ambayo hajawahi kukanyaga. Alijua uzito wa mtoto mgongoni, mtoto wa kike, anayepungua kila wiki. Alijua daktari alivyotoka akifuta miwani, bila kumtazama usoni. Kilichobaki kilikuwa siku moja tu, ya mwisho, na alikuwa akiisogelea hatua kwa hatua. Hakuweza kugeuka.

Mkato hakwenda shule siku hiyo. Alimng'ang'ania mama yake mguuni. "Mama, mbona unaniangalia hivyo?"

"Hivyo vipi, mtoto mzuri?"

"Kama mgeni."

Fundi, aliyekuja kuwajulia hali, hakustahimili kulisikia hilo. Kwenye ile bahasha ya kwanza palikuwa na anwani ya mtumaji, kwa mwandiko wa kalamu. Alitaka aondoke na mtoto, mtoto akapiga mayowe, akakataa katakata kumwacha mama. "Basi jifungieni," alisema. "Nitarudi kabla ya giza. Dada, mtu yeyote akibisha..."

"Sifungui."

"Apa."

"Wallahi, mdogo wangu. Sifungui."

Jioni, jua likizama, simu ikalia.

"Dada!" Alikuwa akihema. "Nimefika. Ni chumba cha kupanga. Mwenye nyumba anasema alikaa mama mmoja, alikuwa na binti, binti ameugua muda mrefu akafa. Wamemzika wiki iliyopita. Mama akawa hali chakula, hasemi, anakaa na simu tu. Juzi usiku kuna mtu akamletea bahasha. Unanisikia? Asubuhi akaamka anaimba! Anawaambia majirani mwanangu hajafa, nani kawadanganya, mwanangu yuko nyumbani ananisubiri. Ameondoka leo, dada. Anakuja huko!"

Bi Nukta alisikiliza yote. Sauti ya ndugu yake aliijua, na alimpenda tangu utotoni. Lakini wakati huohuo siku ya mwisho ilikuwa imemfikia. Wodi. Shuka jeupe. Kikohozi kilisikika mara moja...

Hakikurudi tena.

"Usifungue!" simu ilikuwa ikilia. "Mshike Mkato! Mshike mwanao!"

"Mwanangu?" alisema polepole, machozi yakimtiririka. "Mwanangu nimemzika."

Akaiweka simu mezani.

Ngo, ngo, ngo.

"Nani mtukutu," ikauliza sauti ya kike nje ya mlango, kwa utani mtupu, "aliyekatwa kucha za mguu mmoja akaukimbiza wa pili?"

Mkato akaacha mguu aliokuwa ameushika. Hilo lilikuwa jambo la wiki iliyopita, lao wawili, chini ya blanketi. Akamtazama Bi Nukta. Akautazama mlango.

"Mimi," akasema kwa sauti ndogo.

"Na nani atamaliziwa leo?"

"Mimi!"

Mkono wa Bi Nukta ulikuwa juu ya komeo. Aliuona pale, hakujua umefikaje. Kitu ndani yake kikataka kupiga ukelele, kikahangaika kutafuta neno, na neno halikuwapo tena. Aliapa kwa mtu fulani kwamba hatafungua. Lakini kwa nini? Nje kuna mama anamwita mwanawe. Ni nani mwenye roho ngumu ya kumzuia mama, yeye anayejua leo uchungu wa kukosa?

Akafungua.

Mwanamke wa makamo, amekonda, nguo zinampwaya. Uso hakuufahamu. Lakini cheko lile, la hadi ufizi, alihisi amewahi kuliona mahali. Mkato alisita kizingitini. Uso haukuwa wenyewe, na mtoto aliuona vizuri. Lakini macho... Macho yale yalimtazama kama alivyokuwa akitazamwa siku zote, mpaka juzi. Hakuwa ametazamwa hivyo tangu hapo. Akajitupa kifuani pale.

"Mama, ulikwenda wapi?"

"Nimerudi. Nimerudi, Mkato wangu."

Bi Nukta akamletea viatu vya mtoto. Akamletea sweta, maana kulikuwa na upepo. Yeye mwenyewe akamvalisha mtoto, kifungo kwa kifungo, na alipofika kifungo cha juu akashindwa kukiachia.

"Pole kwa msiba, dada," yule mwanamke akanong'ona, na ilikuwa pole ya kweli.

"Nimeshapoa," akajibu Bi Nukta. Akakiachia kifungo. "Mungu akukuzie."

Fundi alifika giza likiingia, shati limelowa jasho. Mlango wazi. Akaita, hakuitikiwa. Akaingia chumbani, akatazama chini ya kitanda, nyuma ya pazia, jikoni, uani. Dada yake alikuwa ameketi sakafuni sebuleni, kichwa amekifunga kitambaa, macho yamevimba.

"Dada. Mkato yuko wapi?"

Akamwinulia macho. Akamtazama kwa huruma nyingi sana, jinsi anavyotazamwa mtu ambaye habari hazijamfikia. Akamshika mkono, akamvuta taratibu mpaka akapiga magoti karibu yake.

"Kumbe hawakukuambia?" alisema. "Keti kwanza, mdogo wangu. Keti."