Takwimu za Kungoja

Kilango kilionja uchafu kabla mtu yeyote hajasikia harufu. Chini ya sakafu ya chumba cha uani, ndani ya bomba linalopeleka maji taka ya nyumba kwenye mtaro mkuu, ulimi wake wa mpira uligusa maji yaliyokuwa yakirudi kinyume, na kifuniko kikajifumba kama jicho lililoingiwa na mchanga. Papo hapo koki zote za nyumba zikajifunga, kwa kuwa bomba likishazibwa, maji ya nyumba yenyewe nayo hayana pa kwenda.

Haidari Makame, mhandisi aliyekibuni, alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia. Katika mji wa Fungu Jipya, uliojengwa juu ya mchanga uliomwagwa baharini, kila nyumba ilikuwa na kilango chake, na tangu viwekwe hakuna choo kilichotapika sebuleni. Haidari alijivunia jambo hilo kimyakimya, kama alivyofanya mambo yake yote.

Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakimwosha mama yake.

"Haidari!" Ilikuwa sauti ya Shangazi Sikudhani. "Maji yamekata! Mamako ana povu mwili mzima!"

"Subirini kidogo, Shangazi. Kilango kimefunga."

"Kimemfungia nani? Kwani sisi tunafua mazulia huku? Watu wanataka kumzika baada ya alasiri!"

Haidari alisogea ukutani, palipokuwa na kipaza sauti cha kilango. "Fungua koki," alisema kwa upole.

"Pole kwa msiba, mhandisi. Mtaro mkuu umejaa. Tafadhali ngoja."

"Mvua haijanyesha wiki nzima. Umejazwa na nini?"

"Mtaa wa juu, Kilimani, wanabadilisha maji ya mabwawa yao ya kuogelea, na maji taka yao yanateremka pamoja nayo. Wamepewa njia kwanza."

"Nani kawapa?"

"Ubongo wa Mji."

Huo ndio mtambo uliosimamia mitaro yote, na ulijifundisha wenyewe kutokana na yale uliyoyaona. Haidari hakupenda kulaumu kitu asichokielewa. Aliuliza sababu.

"Kilimani wakifungiwa, hulalamika," kilango kilijibu. "Ninyi wa huku Bondeni mkifungiwa, hungoja. Takwimu zenu za kungoja ni nzuri sana. Mwezi uliopita mzazi wa nyumba ya pili alijifungua koki zikiwa zimefungwa. Mkunga alimfuta mtoto kwa kanga kavu. Hawakulalamika."

Haidari alimkumbuka mtoto yule. Alikwenda kumtazama, wakamkaribisha chai, wala hawakumwambia neno. Walimstahi.

"Na mimi?"

"Wewe hujawahi kulalamika hata mara moja, mhandisi. Wewe ni mfano mzuri."

Safari hii Haidari hakuimeza hasira yake. Alitoka nje bila viatu, akawapita wanaume waliokaa kwenye mikeka barazani, akaenda hadi mwisho wa mtaa, akafungua kufuli kwa ufunguo wake na kuinua kifuniko cha chuma. Mle shimoni mlikuwa na gurudumu la mkono. Lilifunga lango ambalo bomba la Kilimani lilipitia kuingia kwenye mtaro mkuu huku Bondeni. Alikuwa amelazimisha liwekwe, endapo mitambo ingeharibika.

Gurudumu lilikuwa limeshika kutu. Alilisukuma mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.

Jirani yake, Mzee Kombo, alikuwa amemfuata. "Mhandisi, ndiyo umekasirika hivyo? Basi kiama kimekaribia."

"Mzee, mama yangu yuko kitandani na povu, ili watu wabadilishe maji ya kuchezea!"

Mzee Kombo hakutania tena. Alikunja kanzu, akaingia shimoni. Wengine wakafuata. Gurudumu likalia, likazunguka.

"Huko juu yatawafurikia?" mmoja aliuliza.

"Hapana. Vilango vyao vitafumba, koki zao zitafunga. Watangoja tu."

Maji ya mtaro yalishuka taratibu. Haidari aliporudi, alisikia koki ikikohoa nyuma ya pazia, kisha maji yakamiminika. Shangazi Sikudhani alianza upya, kichwani, kwa Bismillahi. Chini ya sakafu maji yenye majani ya mkunazi yalipita kwenye kilango kilichofumbuka, yakaenda zake.

"Mhandisi," kilango kiliita, "Kilimani wanalalamika. Wengi sana. Ubongo wa Mji unaomba lango lifunguliwe."

"Mama hajamaliza kuoshwa."

"Akimaliza, utafungua?"

Haidari alilifikiria swali hilo, kwa kuwa lilikuwa la haki. Akaketi, akafuta kutu viganjani. Ufunguo wa lile shimo alikuwa amemwachia Mzee Kombo.

"Uambie Ubongo wako," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote, "uendelee kuhesabu. Takwimu zao za kungoja bado ni mbaya."